Mwongozo wa Kutambua Beringi ya Gurudumu Iliyochakaa Gari Linapovuma

Wenye magari wengi, hasa wale ambao ndio kwanza wameanza kuyachunguza magari yao wenyewe, huuliza swali moja: gari likifika kasi fulani huanza kuvuma kutoka chini, na mvumo huo huzidi kadiri kasi inavyozidi, je, ni beringi? Na ikiwa ni beringi, ni ya gurudumu lipi kati ya manne? Mwongozo huu unalijibu swali hilo kwa utaratibu, kuanzia majaribio yasiyohitaji kifaa chochote hadi yale yanayokulazimu kuliinua gari na kufungua gurudumu.

Jambo moja ninalisisitiza tangu mwanzo: usinunue beringi kabla majaribio mawili au matatu ya namna tofauti hayajakubaliana juu ya gurudumu lilelile. Sauti peke yake hudanganya, kwa sababu mvumo husafiri ndani ya bodi ya gari, na beringi ya mbele inaweza kusikika kana kwamba iko chini ya kiti cha nyuma. Watu wengi hubadilisha beringi nzima isiyo na kosa lolote, wakalipia ufundi, kisha wakarudi barabarani na kuukuta mvumo uleule, kwa kuwa tatizo lilikuwa kwenye tairi au kwenye gurudumu la upande wa pili.

Kinachotokea ndani ya beringi

Beringi ya gurudumu ina pete mbili za chuma kigumu, ya ndani na ya nje, na katikati yake zimo gololi au rola zinazobingirika juu ya njia zilizosuguliwa zikawa laini kabisa. Grisi hubaki ndani, na maji na vumbi hubaki nje, kwa sababu ya sili zilizo pande zote mbili. Sili ikichoka, maji hupenya, grisi huharibika na kutu huanza kula zile njia. Vilevile gari likitumbukia shimoni kwa kishindo au likigonga ukingo wa barabara, gololi huweza kuubonyeza uso wa njia na kuacha vishimo vidogo ambavyo huendelea kumomonyoka polepole.

Gari la kawaida lenye tairi la mzingo wa takriban mita 2 huzungusha kila gurudumu karibu mara 14 kwa sekunde linapokwenda kilomita 100 kwa saa, na katika kila mzunguko gololi kadhaa hupita juu ya kishimo hicho. Mapigo hayo huungana yakawa mvumo mmoja usiokatika. Ndiyo maana mvumo wa beringi hufuata kasi ya magurudumu na wala si kasi ya injini, na tofauti hiyo ndiyo tutakayoitumia katika hatua za mwanzo.

Vifaa vya kuandaa

- Jeki imara na stendi za kubebea gari zenye uwezo unaotosha uzito wa gari lako.
- Kabari za mbao au za mpira za kuzuia magurudumu yanayobaki chini.
- Spana ya magurudumu na spana ya torki (inayopima nguvu ya kukazia nati).
- Tochi, glavu na miwani ya kukinga macho.
- Kipimajoto kinachosoma joto kwa mbali, ukiweza kukipata.
- Stetoskopu ya fundi, au bisibisi ndefu ya chuma badala yake.
- Kalamu na karatasi.
- Mtu wa pili wa kukusaidia, kwa sababu baadhi ya majaribio hayafanyiki na mtu mmoja.
- Kitabu cha matengenezo cha gari lako, kwa ajili ya sehemu za kuwekea jeki na vipimo vya kukazia nati.

Usiingie wala kuingiza mkono chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa muda mfupi. Jeki ni ya kuinulia. Stendi ndiyo ya kubebea. Inua gari kwenye sakafu ngumu na tambarare, weka kabari kwenye magurudumu ya upande usioinuliwa, na hakikisha stendi zimekaa mahali palipoelekezwa kitabuni, kwa sababu ukingo wa chini wa bodi una sehemu chache tu zilizoimarishwa kubeba uzito.

Hatua ya 1: Andika tabia ya mlio

Kabla ya kugusa kitu chochote, endesha gari kwenye barabara tulivu na iliyonyooka, ukiwa umefunga madirisha, umezima redio na feni, na kuondoa kwenye buti na viti vitu vyote vinavyogongana. Panda kasi polepole. Andika, au mwambie msaidizi wako aandike, kasi ambayo mvumo unaanza, kasi ambayo unakuwa mkubwa zaidi, na kama unapotea tena mbele ya hapo. Beringi nyingi zilizoanza kuchakaa huanza kusikika mahali fulani kati ya kilomita 50 na 80 kwa saa, kisha huendelea kuongezeka. Mlio unaotokea kwenye kasi moja tu na kutoweka kabisa ukiipita una uwezekano mkubwa wa kuwa ni wa tairi.

Msaidizi akae kwanza mbele, kisha ahamie nyuma, na aseme ni wapi mvumo una nguvu zaidi. Jibu lake lichukue kama fununu tu.

Hatua ya 2: Itenge injini na giaboksi

Ukiwa kwenye kasi ambayo mvumo unasikika vizuri, badilisha gia huku ukijitahidi kuibakiza kasi ileile ya gari. Injini itazunguka kwa kasi tofauti. Mvumo ukibadilika pamoja na injini, tatizo halipo kwenye magurudumu. Ukibaki vilevile, endelea.

Kisha, kwenye barabara tambarare isiyo na magari nyuma yako, ondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, weka nyutro na uliache gari liteleze lenyewe. Mvumo wa beringi au wa tairi utaendelea na utashuka taratibu kadiri gari linavyopungua kasi. Usizime injini katika jaribio hili, kwa sababu usukani utakuwa mzito, na breki zitapoteza msaada wa sevo (kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu kwenye breki) baada ya kukanyagwa mara chache. Zaidi ya hayo, katika baadhi ya magari usukani unaweza kujifunga ufunguo ukizungushwa kupita kiasi.

Zingatia pia kinachotokea unapokanyaga mafuta na unapoachia. Mlio mwembamba unaotokea unapokanyaga, ukabadilika sauti au kutoweka mara tu unapoachia, mara nyingi ni wa meno ya difu (sehemu inayogawa nguvu ya injini kati ya gurudumu la kushoto na la kulia). Beringi ya gurudumu haijali sana kama umekanyaga au umeachia, kwa kuwa inachokibeba ni uzito wa gari.

Hatua ya 3: Badilisha uso wa barabara

Pita kwenye lami laini, kisha kwenye lami ya kokoto au zege, kwa kasi ileile. Mvumo wa tairi hubadilika waziwazi na uso wa barabara, na wakati mwingine hupotea kabisa kwenye lami mpya. Mvumo wa beringi hubaki na tabia yake, ingawa kwenye barabara ya makelele unaweza kufunikwa. Jaribio hili huchukua dakika chache na halina gharama, lakini watu wengi hulipuuza.

Hatua ya 4: Hamisha uzito kutoka upande mmoja hadi mwingine

Hili ndilo jaribio linalojulikana zaidi na pia linaloeleweka vibaya zaidi, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Tafuta kona pana na ndefu, au uwanja mkubwa mtupu, na ukate kushoto kisha kulia kwa upole ukiwa kwenye kasi ambayo mvumo unasikika. Usiyumbishe gari barabarani palipo na watu au magari mengine, na usikate kwa nguvu. Kinachotakiwa ni uzito kuhama kidogo tu.

Gari likikata kushoto, uzito huegemea kulia, na beringi za kulia hubeba zaidi. Kwa hiyo mvumo ukizidi unapokata kushoto na kupungua unapokata kulia, mshukiwa wa kwanza ni beringi ya upande wa kulia. Mvumo ukizidi unapokata kulia, mshukiwa ni wa kushoto.

Hata hivyo, kanuni hii si sheria. Beringi nyingi za magari ya kisasa zina safu mbili za gololi ndani ya kasha moja, na kona huzidisha mzigo kwenye safu moja huku ikiipunguzia nyingine. Iwapo safu iliyoharibika ni ile inayopunguziwa mzigo, beringi hiyo inaweza kunyamaza pale ulipotarajia izidishe kelele, na ukaishia kufungua upande usio na kosa ukauacha ule mbovu. Aidha, tairi ambalo ukingo wake mmoja umechakaa kuliko mwingine nalo hubadilisha sauti kwenye kona. Andika ulichokisikia, usikifanyie uamuzi bado.

Hatua ya 5: Yaondolee matairi shaka

Egesha gari na upitishe kiganja juu ya uso wa kila tairi, kwanza kuelekea mbele, kisha kurudi nyuma. Tairi lililochakaa kwa usawa huwa na hisia moja pande zote mbili. Lililochakaa vibaya utalihisi laini unapopeleka mkono upande mmoja, na litakukwaruza kwa kingo kali unapourudisha. Wakati mwingine utakuta mabonde madogo yanayofuatana kuuzunguka mzingo wake wote. Vaa glavu nyembamba ikiwa nyuzi za waya zimeanza kutokeza. Mabonde hayo husababishwa na shokapu zilizochoka, balansi mbovu au alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) isiyo sahihi, na mvumo wake hufanana mno na wa beringi. Yachunguze hasa matairi ya nyuma ya gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, maana huko ndiko mabonde hayo hupenda kujitokeza.

Ukiwa na shaka bado, hamisha matairi: ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, kila moja likibaki upande wake. Endesha tena. Mvumo ukihama, au ukibadilika sauti waziwazi, umepata jibu bila kufungua beringi yoyote. Mvumo ukibaki palepale bila kubadilika, tairi limeondokewa na tuhuma. Usihamishe matairi ikiwa ya mbele na ya nyuma yana vipimo tofauti, na tairi lenye mshale ubavuni lisivushwe kutoka kushoto kwenda kulia.

Hatua ya 6: Linganisha joto

Endesha gari kwa dakika 15 hadi 20 ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, kisha liache lipungue kasi lenyewe hadi lisimame. Pima joto la habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, nacho huzunguka kwa beringi) ya kila gurudumu na ulinganishe kushoto na kulia kwenye ekseli moja. Usilinganishe mbele na nyuma, kwa kuwa breki za mbele kwa kawaida hufanya kazi zaidi na huwa na joto zaidi.

Kipimajoto cha mbali husoma vibaya juu ya chuma kinachong'aa, na huonyesha joto dogo kuliko lililopo. Elekeza kwenye sehemu nyeusi, iliyopakwa rangi au yenye kutu, na iwe sehemu ileile kwa kila gurudumu. Ukikuta habu moja ina joto kubwa kupita mwenzake, angalia diski ya breki iliyo karibu nayo: diski ikiwa na joto kali kuliko habu, breki ndiyo inayoshika na beringi inapashwa tu. Usijaribu kupima kwa kugusa na mkono.

Gari kutokuwa na tofauti ya joto hakuiondolei beringi tuhuma. Nyingi huvuma kwa muda mrefu kabla ya kuanza kupata joto la kutambulika.

Hatua ya 7: Inua gari na upime kucheza kwa gurudumu

Usilegeze nati za gurudumu bado, hata ikiwa unakusudia kulitoa baadaye. Ziache zimekaza, kwa sababu nati iliyolegea hufanya gurudumu licheze na kukupotosha. Inua gari, weka stendi, ondoa breki ya mkono ikiwa unapima magurudumu inayoyashika, na weka nyutro. Kumbuka kwamba kwa wakati huo gari linazuiwa na kabari pekee.

Shika tairi juu na chini kwa mikono miwili, kisha vuta juu huku ukisukuma chini, na ubadilishane kwa haraka. Kisha shika ubavu wa kushoto na wa kulia wa tairi na ufanye vivyo hivyo. Sikiliza mgongano mdogo na uhisi kama kuna mlegeo.

Gurudumu likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki kwa nguvu huku wewe ukirudia kulitikisa. Breki ikikanyagwa, diski hufungamana na kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski), na kalipa imefungwa kwenye kiungo kinachobeba beringi, hivyo beringi huwa haina nafasi ya kucheza tena. Mlegeo ukitoweka, beringi ndiyo yenye kosa. Ukibaki uleule, tazama bolijointi (kiungo cha mpira wa chuma kwenye mkono wa chini), tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu) na bushi za mikono ya chini. Gurudumu la mbele linalocheza kwa kushoto na kulia tu, lakini likatulia kwa juu na chini, kwa kawaida lina tairodi iliyochoka.

Hapa ndipo wanaoanza hufanya kosa kubwa kuliko yote: wakikuta gurudumu halichezi hata kidogo, husema beringi ni nzima. Sivyo. Vishimo huanza kuvuma mapema sana, na kucheza huja mwishoni, wakati beringi imeshaliwa vya kutosha. Beringi inayovuma bila kucheza ni jambo la kawaida kabisa.

Gari likiwa na beringi za rola zenye umbo la koni, kama zilivyo kwenye baadhi ya pikapu na matrela mengi, kucheza kidogo si lazima kumaanisha uchakavu. Beringi hizo hurekebishwa kwa nati yake na huachiwa mlegeo mdogo kwa makusudi, mara nyingi wa kati ya milimita 0.025 na 0.13. Rekebisha kwanza kama kitabu kinavyoelekeza, ndipo uhukumu.

Hatua ya 8: Zungusha gurudumu na uguse springi

Jaribio hili ndilo ninaloliamini kuliko mengine yanayofanywa gari likiwa limesimama. Zungusha gurudumu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili weka ncha za vidole viwili juu ya koili ya springi ya gurudumu hilohilo, ukiwa mbali na tairi linalozunguka. Springi huyapokea mapigo madogo ya beringi na kuyaleta hadi kwenye vidole. Beringi nzima haileti chochote. Springi hutulia tuli. Beringi mbovu huleta mtetemo mkavu, kama punje za mchanga zinazosagwa chini ya chuma, nao hauachi mpaka gurudumu lisimame.

Fanya hivyo kwa magurudumu yote manne, hata yale usiyoyashuku, maana vidole vinahitaji kulijua gurudumu zima ili vilitambue bovu. Sikiliza pia. Pedi za breki hugusa diski kidogo na kutoa mkwaruzo mwepesi unaokuja na kuondoka mara moja kwa kila mzunguko. Huo ni wa kawaida. Mtetemo wa beringi hauna vipindi hivyo, ni mfululizo.

Kwenye magurudumu yanayoendeshwa na injini, ukizungusha moja la pili linaweza kuzunguka kinyume chake kupitia difu, na hilo si hitilafu. Ikiwa una stetoskopu, mwombe msaidizi azungushe gurudumu huku ukigusisha ncha yake kwenye kiungo kinachobeba beringi, karibu kabisa na habu lakini si kwenye kitu kinachozunguka. Bisibisi ndefu inaweza kufanya kazi hiyo, ncha ikiwa kwenye chuma na mpini ukiwa umeegemezwa kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio.

Usiwashe injini na kuyaendesha magurudumu yakiwa hewani ili usikie vizuri zaidi. Gari linaweza kushuka kwenye stendi, na kwa difu ya kawaida gurudumu moja likisimama, la pili huzunguka kwa kasi mara mbili ya ile inayoonyeshwa kwenye dashibodi. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne lina hatari zaidi, kwa sababu ekseli iliyo chini inaweza kulisukuma likaruka kutoka kwenye stendi.

Hatua ya 9: Thibitisha habu ikiwa peke yake

Ukiwa umeshapata mshukiwa mmoja na majaribio mawili yanakubaliana, toa gurudumu (legeza nati zake kidogo kwanza likiwa chini), fungua kalipa na uondoe diski. Kalipa itundike kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwa mpira wa breki, kwani mpira huo huweza kuharibika ndani bila kuonyesha dalili nje. Sasa zungusha habu kwa mkono. Bila uzito wa gurudumu na bila pedi, ukwaruzaji wowote unaouhisi ni wa beringi, ingawa kwa magurudumu yanayoendeshwa na injini utahisi pia uzito wa ekseli. Angalia kama kuna grisi iliyovuja, maji au unga mwekundu wa kutu kandokando ya sili.

Mwenye saa ya kupimia mikengeuko anaweza kuifunga kwenye kiungo, akaigusisha uso wa habu, na kupima mlegeo wa kuingia na kutoka. Magari mengi yana kikomo cha karibu milimita 0.05, lakini kipimo cha kufuata ni kile cha kitabu cha gari lako.

Katika ukaguzi huu wote, usilegeze nati kubwa ya ekseli kisha ukalishusha gari likasimama kwa gurudumu hilo. Kwa beringi nyingi za kisasa, nati hiyo ndiyo inayozibana pete za ndani pamoja, na uzito wa gari ukija juu yake ikiwa imelegea, beringi huweza kuharibika papo hapo.

Ukirudisha gurudumu, kaza nati zake kwa mtindo wa nyota na umalizie kwa spana ya torki. Magari mengi madogo huhitaji kati ya nyutani-mita 90 na 130. Tumia namba iliyoandikwa kwa gari lako, na uzikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Nimebadilisha beringi na mvumo uko palepale.* Rudi kwenye hatua ya 5 na uhamishe matairi ikiwa hukufanya hivyo. Kama matairi hayana kosa, rudia hatua ya 8 upande wa pili wa ekseli ileile, kwa kuwa jaribio la kona huenda lilikuelekeza kinyume.

*Beringi mpya imeanza kuvuma baada ya muda mfupi.* Mara nyingi kosa liko kwenye ufungaji. Beringi inapoingizwa ndani ya kiungo kwa presi, nguvu lazima ipite kwenye pete ya nje. Habu inapoingizwa ndani ya beringi, pete ya ndani ndiyo inayotakiwa kuegemezwa. Nguvu ikipitia kwenye gololi, huacha vishimo siku hiyohiyo, na nyundo hufanya uharibifu zaidi. Kagua pia kama nati ya ekseli ilikazwa kwa kipimo sahihi kwa spana ya torki na si kwa bunduki ya upepo, na kama habu ya zamani iliyorudishwa haikuwa imepinda au kulika.

*Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki) imewaka pamoja na mvumo.* Beringi iliyolegea huyumbisha umbali kati ya sensa na pete inayosomwa. Ikiwa taa imewaka mara baada ya kubadilisha beringi, huenda pete ya sumaku iliyo kwenye sili imefungwa ikielekea upande usiofaa, au imeharibika wakati wa kufunga.

*Gari linagonga tak-tak-tak ninapokata kona hadi mwisho huku nikikanyaga mafuta.* Hiyo ni dalili ya jointi ya ekseli ya mbele. Kagua mpira wake kama umepasuka na kumwaga grisi.

*Kuna mkwaruzo wa chuma ulioanza ghafla.* Angalia bati la kukinga vumbi nyuma ya diski. Likipinda kidogo, au kijiwe kikikwama kati yake na diski, kelele huwa kubwa mno, na tiba yake ni kulinyoosha bati au kukitoa kijiwe.

*Usukani unatikisika kwenye kasi ya kilomita 80 hadi 110, lakini hakuna mvumo.* Anza na balansi ya magurudumu.

*Nimethibitisha beringi moja. Je, nibadilishe na ya upande wa pili?* Si lazima. Ikague kwa hatua ya 7 na ya 8, na ikiwa tulivu iache. Kuifungua beringi nzima kwa presi mara nyingi ni kuiharibu.

*Naweza kuendelea kuliendesha gari?* Ikiwa ni mvumo mdogo, gurudumu halichezi na habu haina joto, unaweza kwenda safari fupi kwa mwendo wa pole hadi siku ya matengenezo, ukirudia hatua ya 7 mara kwa mara. Ikiwa gurudumu linacheza, mvumo umegeuka kuwa msago wa chuma, habu ina joto kali, au pedali ya breki imeanza kuzama zaidi kuliko kawaida kwenye mkanyago wa kwanza, liegeshe gari na ulipeleke kwa fundi likiwa limebebwa. Dalili hiyo ya mwisho hutokea kwa sababu diski inayoyumba huzisukuma pedi nyuma ndani ya kalipa, na maana yake ni kwamba beringi imeshaanza kuzidhoofisha breki zenyewe.